Milimita Tano za Bwawa la Rwamiyaga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro
Tarehe: Jumanne, 18 Machi 2025. Saa ya kuanza: saa nne na dakika ishirini asubuhi
Afisa anayeandika: Sajenti Tumuhairwe, upelelezi
Jina la shahidi: Yonatani Gakwaya
Umri: miaka 79
Kazi: zamani fundi mkuu wa maji mjini Uvira, Kongo, baadaye mwalimu wa fizikia na hesabu hapa kambini, sasa hana kazi, ni mgonjwa
Makazi: Rubondo, kambi ya Nakivale
Lugha: Kiswahili

Nimeficha jambo, na maelezo niliyoyatoa katika kituo hiki tarehe 14 Oktoba 2024 ni ya uongo. Siku ile nilisema kwamba sikupokea daftari lolote kutoka kwa Eliane Uwizeye. Nilipokea madaftari matatu, yote yako nyumbani kwangu chini ya godoro tangu Septemba, na leo nimeyaleta. Nilisema pia kwamba majedwali ya bwawa la Rwamiyaga aliyaandika yeye. Majedwali yote kumi na matatu niliyaandika mimi kwa mkono wangu, nikaweka jina lake katika nafasi ya msomaji. Namba zilizomo hakuzisoma popote. Nilizitunga mimi.

Nimekuja leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, daktari wa Mbarara aliniambia tarehe 6 mwezi huu kwamba figo zangu zimekwisha na nisipange mambo ya mwezi wa sita. Ya pili, Eliane yuko gerezani Mbarara tangu Oktoba, na kesi yake itasikilizwa Jumatano ijayo, tarehe 26. Anashtakiwa kwamba alikaa nyumbani akapika vipimo vya bwawa, na kwa uzembe huo mtu akafa. Ana miaka ishirini na minne. Nikifa kabla ya tarehe 26 bila kusema, atafungwa kwa namba zangu.

Naeleza tangu mwanzo, kwa mpangilio.

Bwawa la Rwamiyaga lilijengwa na Shirika la Maji Malishoni mwishoni mwa mwaka 2023, katika bonde lililo upande wa Ngarama. Ni tuta la udongo lililoziba bonde ili maji ya mvua yabaki kwa ajili ya mifugo na watu. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zililijaza, nalo lilipendeza kulitazama. Mhandisi wa mradi alikuwa Bwana Barigye, mwenye ofisi Mbarara, upande wa Nyamitanga. Yeye ndiye aliyefanya ile hesabu wanayoiita modeli, yaani hesabu ya mezani inayotabiri bwawa litafanya nini kabla bwawa lenyewe halijafanya. Kabla ya kulikabidhi kwa wakimbizi, wafadhili walitaka bwawa lipimwe kiangazi kizima, siku kwa siku, ili vipimo vilinganishwe na modeli. Hilo ni jambo jema. Nimefundisha vijana kwa miaka mingi kwamba hesabu isiyopimwa ni maoni tu.

Nilichaguliwa kuwa msimamizi wa vipimo. Nilipewa kofia ngumu ya plastiki yenye jina langu, na mbele ya jina wameandika "Inj." Vyeti vyangu viliungua Kongo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa namba kwenye karatasi ya mgao. Afisa aandike hili, kwa sababu lina uhusiano na yaliyofuata.

Eliane nilimchagua mimi. Alikuwa mwanafunzi wangu, mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwafundisha hapa. Kazi yake ilikuwa kusoma rula ya chuma iliyosimikwa majini, kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Karibu na rula kulikuwa na beseni la chuma lenye maji, limezungushiwa wavu, ambalo nalo alilipima ili tujue jua linakula maji kiasi gani. Juma la kwanza mbuzi aliingia ndani ya wavu akanywa. Eliane aliandika daftarini: "Siku hii isitumike, mbuzi alikunywa." Hiyo ndiyo tabia ya mtu anayeshtakiwa kwa kupika vipimo.

Kila Jumamosi aliniletea daftari, nami niliandika jedwali la juma, likapelekwa Mbarara.

Sajenti ameniuliza modeli ilisema nini. Namweleza kama nilivyowaeleza wanafunzi. Wakati wa kiangazi maji ya bwawa yana walaji. Jua ni mlaji wa kwanza: beseni lilionyesha milimita tano kwa siku. Watu ni walaji: jerikeni mia mbili za lita ishirini, kwa siku. Ng'ombe ni walaji: kila mmoja lita arobaini. Ukijumlisha wote, modeli ilisema maji yatashuka milimita saba kwa siku, kwa kukadiria. Kulikuwa na mstari mmoja wa mwisho, wa maji yanayovuja kupitia tuta. Katika mstari huo Bwana Barigye aliandika sifuri. Alikuwa amepeleka bonge la udongo maabara, likashindiliwa vizuri, halikuvuja. Tuta la Rwamiyaga halikushindiliwa maabara. Lilishindiliwa na trekta lililoharibika mara mbili, watu wote wakiona.

Sasa naeleza habari ya ng'ombe, maana bila hiyo Sajenti hatanielewa.

Mimi ni wa wafugaji, nimezaliwa katika milima ya Kivu Kusini. Kwetu mtu hatamki idadi ya ng'ombe wake. Hata mchungaji wa kanisa hatamki. Tunawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama zao, na jioni tunajua nani hajarudi, lakini namba haitoki kinywani. Ikitoka, watakufa, ndivyo tulivyolelewa. Tarehe 27 Mei 2024, saa tisa alasiri, nilikwenda kwa Natanaeli Semahoro, mkuu wa wafugaji wa Rwamiyaga, mzee wa kanisa kama mimi. Wanaume kama kumi na watano walikuwepo. Nikamwambia mhandisi anataka idadi.

Akanijibu, "Mwalimu, tangu lini ngombe banahesabiwa na kinywa? Unataka bakufe?"

Nikamwambia, "Natanaeli, ni ya hesabu ya maji tu."

"Basi andika mia moja na makumi mbili. Iko namba muzuri, haina shida na mutu."

Watu walicheka, nami nilicheka. Kila mtu pale alijua kwamba ng'ombe ni wengi kuliko hao, wengi sana. Niliandika 120. Mhandisi aliiingiza katika modeli yake bila kuuliza nimeipataje.

Vipimo vilianza Jumatatu tarehe 3 Juni. Kufikia Jumamosi tarehe 22 Juni tulikuwa na majuma matatu, na maji yalikuwa yakishuka milimita tisa kwa siku. Modeli ilisema saba. Eliane alisimama mlangoni kwangu na daftari akasema, "Mwalimu, ni tisa. Kila safari nimesoma mara tatu, sikutaka unicheke."

Nilimwambia amefanya vema. Nilipeleka tisa.

Tarehe 25 Juni niliitwa Mbarara. Nilifika ofisini Nyamitanga saa tano asubuhi. Bwana Barigye alinipokea kwa heshima kubwa, akaniletea chai yeye mwenyewe, akaniita injinia mbele ya wafanyakazi wake. Kisha akageuza kompyuta yake ili nione. Kulikuwa na mstari wa buluu, wa modeli, na vitone vyekundu vya Eliane vikishuka chini yake.

Akasema, "Sebo," yaani bwana, "hii namba ya huyo msichana iko na shida."

Nikamwambia msichana yule ni mwangalifu.

"Modeli iko sawa. Wageni wa Kampala wameiangalia. Sasa nani amekosa? Bwawa?" Akacheka sana. "Mzee wangu, kompyuta haiwezi danganya. Huyu msichana labda anasoma akiwa amechutama, jicho haliko sawa na maji. Wewe unajua hii mambo, wewe ni injinia mwenzangu. Rudi, usahihishe, unitumie tena yote matatu."

Nilimwomba aje mwenyewe aangalie rula. Kutoka Nyamitanga hadi Rwamiyaga ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Alisema atakuja. Hakuja Juni, hakuja Julai, hakuja Agosti. Angekuja siku moja tu mwisho wa Agosti, asimwulize mtu neno lolote, aangalie rula na jedwali langu, angeona tofauti ya karibu sentimita ishirini na tisa. Hata mtu asiyejua kusoma angeiona, kwa sababu matope yalikuwa wazi pale ambapo karatasi ilisema kuna maji. Nasema hili kwa hasira na nataka liandikwe kwa hasira. Mtu aliyejenga bwawa, akalipwa kulijenga, alikuwa akiliangalia ndani ya kompyuta.

Sajenti ameniuliza: "Mzee, lakini hiyo milimita mbili ni nini? Inaweza kuua mtu?" Swali ni zuri, hakuna aliyeliuliza Mbarara. Bwawa lilikuwa na eneo la nusu hekta. Milimita moja juu ya nusu hekta ni lita elfu tano, ni jerikeni mia mbili na hamsini. Milimita mbili ni jerikeni mia tano, kila siku, zinakwenda mahali ambapo hakuna anayejua.

Mimi nilijua, au nilisema najua. Katika gari la kurudi, kabla hatujapita njia panda ya Isingiro, nilijiambia: ni ng'ombe. Ni wale ng'ombe ambao Natanaeli hakuwataja. Namba ya msichana ni sahihi, na modeli ya mhandisi ni sahihi, ila imelishwa namba ya adabu. Hata nilifurahi kidogo, kama mtu aliyepata jibu la fumbo. Jibu lile sikuweza kuliandika. Ningeliandika, shirika lingetuma watu kuhesabu ng'ombe zizi kwa zizi na kuwapiga rangi mgongoni, na Natanaeli na wenzake wangesema Gakwaya ametuuza. Kwa hiyo niliamua kuficha ng'ombe. Naomba lieleweke hivyo: nilipoandika saba mahali pa tisa, sikudhani naficha maji.

Tarehe 29 Juni niliandika upya majedwali matatu ya kwanza, na la nne nikaliandika saba tangu mwanzo. Siku nyingine niliandika sita na nusu, nyingine saba na robo, ili zisifanane mno. Chini niliandika: Msomaji, E. Uwizeye. Bwana Barigye alinipigia simu Jumatatu akasema, "Sasa hapo, injinia! Hiyo ndiyo kazi."

Eliane hakujua. Alikuwa akileta daftari kila Jumamosi, nami nampokea, na yeye anakwenda zake akiamini kwamba namba zake zimefika.

Julai ilianza kwa tisa, ikapanda kumi. Jumamosi tarehe 27 Julai aliniuliza kama mhandisi amesema chochote. Nilimwambia huenda ni ng'ombe, kwamba ni wengi kuliko tulioambiwa. Akaniuliza, "Mwalimu, ngombe gani hii inazaa kila juma? Na mutoto anakunywa siku ya kwanza sawa na mama yake?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimwambia kiangazi kikizidi ng'ombe hunywa zaidi. Ni kweli kidogo, na ule ukweli kidogo niliutumia kumfunga mdomo. Alikuwa amenishika katika somo nililomfundisha mwenyewe: kwamba tofauti kati ya hesabu na kipimo ikikaa palepale, tafuta kosa la namba, lakini ikikua, tafuta kitu kinachokua.

Agosti ikawa kumi na moja, kisha kumi na mbili. Milimita tano zaidi ya modeli. Jumamosi tarehe 17 Agosti Eliane hakuniletea daftari peke yake. Alileta na mshikano wa nyasi. Akaziweka juu ya meza yangu. Zilikuwa mbichi.

Akasema, "Hizi nimekata chini ya tuta, upande wa nje. Mwalimu, ni Agosti."

Nilimwambia nitaandika kwa mhandisi. Sikuandika.

Chini ya tuta, hatua kama themanini, palikuwa na shamba la Godeberthe Mukeshimana, mjane, miaka arobaini na mmoja, mwenye watoto wanne. Alikuwa amelihamishia pale mwezi wa Julai kwa sababu aliona udongo una unyevu. Kambi nzima ilikuwa vumbi, yeye ana mboga za lenga-lenga zinazong'aa. Nilipita pale katikati ya Agosti na fimbo yangu. Aliniita, "Mwalimu, kuja uone! Kwa wengine jua, kwangu Mungu ananyeshea mimi peke yangu!" Alinikatia fungu kubwa akakataa kupokea chochote. Nilikula mboga ile siku mbili.

Majedwali yaliisha tarehe 31 Agosti. Bwana Barigye aliandika ripoti, nami niliipata nakala. Imeandikwa kwamba vipimo vya uwanjani vimethibitisha modeli kwa usahihi wa hali ya juu, na kwamba tuta halivuji. Jina langu limo, pamoja na neno injinia. Niliisomea familia yangu.

Tarehe 16 Septemba, Jumatatu, mvua ya kwanza kubwa ilinyesha tangu alasiri. Tarehe 17, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, nikiwa barazani kwangu Rubondo, nilisikia kishindo kama lori limemwaga mawe, halafu kelele za watu. Kwa umri wangu sikuweza kukimbia. Nilipofika, kama saa nne na robo, katikati ya tuta palikuwa na mlango. Upana wake ulikuwa kama wa nyumba mbili. Maji yalikuwa yameshapita. Godeberthe alikuwa shambani tangu asubuhi akipanda maharage. Walimpata mchana, kilomita moja na nusu chini, kwenye matete. Natanaeli na vijana wake ndio waliombeba. Natanaeli aliniona, akaniamkia, nami nikaitikia.

Eliane alikamatwa Ijumaa tarehe 11 Oktoba. Sasa Sajenti anisikilize vizuri, maana hapa ndipo nashindwa kulala. Juni, namba za Eliane zilipotofautiana na modeli, Bwana Barigye alisema msichana hajui kusoma rula. Oktoba, baada ya kifo, mtu huyohuyo alieleza polisi kwamba vipimo vya Eliane vimelingana na modeli kupita kiasi, kwamba hakuna kipimo cha kweli kinachofuata mstari namna ile, kwa hiyo msichana alivipika nyumbani. Zilipokuwa za kweli akaziita mbovu. Zilipokuwa za uongo akazipokea, akazisifu kwa simu, akaandikia ripoti, na sasa uongo uleule anautumia kama ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakuuandika. Na amesema kweli! Zimelingana kupita kiasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona hivyo tarehe moja Julai. Yeye aliona lini? Siku alipohitaji kuona.

Naulizwa kama nina hakika kwamba Bwana Barigye alijua nilizibadilisha. Alinirudishia tisa akapokea saba. Mahakama imwulize alidhani ile tisa ilikwenda wapi.

Tarehe 14 Oktoba nililetwa hapa kama shahidi. Sajenti mwingine aliniuliza kama Eliane alinipa madaftari. Eliane alikuwa amekwisha kusema kwamba alinipa. Nilijibu kwamba sikumbuki kuyapokea, kisha nikasema sikuyapokea. Niliamini kwamba ushahidi utamtoa wenyewe. Niliamini kwamba nitapona kidogo nije niseme. Mama yake alikuja kwangu mara tatu kabla ya Krismasi. Hakunilaumu, alidhani ni uzee. Aliniambia, "Jaribu kukumbuka, muzee wetu. Kila asubuhi uombe Mungu akukumbushe." Nilimwambia nitaomba.

Leo nakabidhi madaftari matatu yenye mwandiko wa Eliane, tangu 3 Juni hadi 31 Agosti 2024, kila siku mara mbili, pamoja na ile siku ya mbuzi. Naomba yapelekwe mahakamani Mbarara kabla ya tarehe 26. Nipo tayari kupelekwa nami, hata kwa kubebwa. Na niko tayari kushtakiwa kwa uongo wangu wa Oktoba na kwa majedwali. Sina hasira na polisi. Nina hasira na ofisi inayoamini mstari wa buluu kuliko maji, na nina hasira na mzee aliyefundisha vijana kupima halafu akawafundisha, kwa mfano wake, kwamba kipimo kikigombana na mkubwa, kipimo ndicho kinyenyekee. Kosa langu, kama nilivyolieleza, lilikuwa kudhani kwamba maji yale yalinywewa na ng'ombe wasiotajwa.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili, polepole, nimesahihisha mahali pawili, na ndiyo maelezo yangu.

(Sahihi) Y. Gakwaya

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Tumuhairwe, kama shahidi alivyoyatamka. Alipumzika mara nne na kupewa maji. Akili yake ni timamu. Nimepokea madaftari matatu na kuyawekea alama A, B na C. Saa ya kumaliza: saa saba na dakika hamsini mchana.

(Sahihi) Sajenti Tumuhairwe

NYONGEZA

Saa nane na robo mchana shahidi, ambaye alikuwa nje akisubiri pikipiki, aliomba kuingizwa tena. Nilimwambia, "Mzee, wewe umechoka, basi, imetosha." Alikataa kuondoka. Amesema yafuatayo:

Sentensi ya mwisho ya ushahidi niliyoitia sahihi, ile ya ng'ombe wasiotajwa, si kweli. Natoa hii badala yake.

Eliane aliponiwekea zile nyasi mezani sikulala vizuri juma zima. Jumamosi tarehe 24 Agosti 2024, saa kumi na moja na nusu asubuhi, nilikwenda peke yangu nikaketi kwenye mwinuko ulio mkabala na njia ya kunyweshea. Nilijaza mahindi katika mfuko wa kulia wa koti. Kwa kila ng'ombe aliyeshuka majini nilihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto, ili kinywa changu kisitamke. Nilikaa hadi wa mwisho alipokunywa. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikamwaga mfuko wa kushoto kitandani, nikahesabu. Walikuwa mia tatu na saba.

Nikafanya hesabu upya. Ng'ombe mia tatu na saba, lita arobaini kila mmoja. Jua. Watu. Jumla lita elfu arobaini na moja mia mbili na themanini kwa siku. Rula ya Eliane ilisema bwawa linapoteza elfu sitini. Nilirudia mara tatu. Kila mara zilibaki lita elfu kumi na nane mia saba na ishirini ambazo hakuna ng'ombe, wala mtu, wala jua aliyezinywa.

Kwa hiyo siku ishirini na nne kabla ya Godeberthe kufa, mimi nilijua kwamba maji yanapita ndani ya tuta. Sikudhani. Nilijua, kwa lita. Na nilimjua aliyekuwa akilima chini yake. Lakini kuandika kumi na mbili kungekuwa kukiri kwamba kwa majuma nane nimeandika uongo, na juu ya uongo ule walikuwa wameandika injinia.

Mchana uleule, saa nane, Eliane alileta daftari lake. Nilisubiri aondoke. Kisha nikachukua karatasi ya jedwali, na kwa siku zote saba za juma lile nikaandika saba.

(Sahihi) Y. Gakwaya